Utrasaundi baada ya kujifungua: inaona nini, na mama anaihitaji lini?

Mwanamke akiwa mjamzito, kila anapofika kliniki hupimwa tumbo, hupimwa damu na huulizwa habari zake. Akishajifungua, macho yote huhamia kwa mtoto. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, hutazamwa kitovu. Mama huulizwa kama maziwa yanatoka, na akijibu ndiyo, mazungumzo mara nyingi huishia hapo.

Hata miongozo ya kitabibu ina tofauti hiyo. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kila mjamzito apigwe utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24 ya ujauzito. Kwa mama aliyekwisha kujifungua hakuna pendekezo la namna hiyo linalowahusu wote. Je, akina mama wamesahauliwa, au kuna sababu?

Jibu lina pande mbili. Zipo hali ambazo utrasaundi baada ya uzazi huokoa maisha, au humtoa mama kwenye mateso ambayo angeyabeba kwa miaka. Zipo pia hali ambazo picha hiyo huleta hofu isiyo na msingi na kumfikisha mama kwenye kusafishwa kizazi bila sababu. Katika makala haya tunaeleza utrasaundi inaona nini ndani ya mwili wa mzazi, isichokiona ni nini, na mama au ndugu zake wafanye nini anapohisi mambo hayaendi sawa.

Sauti isiyosikika

Utrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Inatumia sauti. Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo hadi takriban 20,000 kwa sekunde. Mashine ya hospitali hutoa sauti zenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ambazo hakuna anayeweza kuzisikia. Kifaa kinachoshikwa mkononi huzituma mwilini kupitia jeli iliyopakwa kwenye ngozi. Zikikutana na nyama, maji au mfupa, sehemu yake hurudi kama mwangwi, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Chanzo cha matumizi yake kwa akina mama ni kiwanda. Katika miaka ya 1950, daktari Ian Donald wa Glasgow, Scotland, aliona mashine iliyotumiwa na mafundi kutafuta nyufa ndani ya vyuma, akajiuliza kama ingeweza kutofautisha uvimbe na maji tumboni mwa mwanamke. Mwaka 1958 yeye, daktari mwenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Uchunguzi wa ujauzito tunaoujua leo ulianzia hapo.

Kwa mzazi, kipimo hufanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni juu ya tumbo, ile ile aliyoizoea akiwa mjamzito. Ya pili ni kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, kinachoonyesha kizazi kwa karibu zaidi. Ya tatu wengi hawajawahi kuisikia: kifaa huwekwa nje, kwenye msamba, ili kuiona misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Zote tatu hazina mionzi na hazimzuii mama kunyonyesha.

Kizazi kinavyorudi mahali pake

Ili kujua kisicho cha kawaida, lazima kwanza tujue cha kawaida. Mara tu baada ya mtoto na kondo la nyuma kutoka, kizazi huwa na uzito wa karibu kilo moja, na mkunga anaweza kukigusa usawa wa kitovu kikiwa kigumu kama mpira. Baada ya wiki moja uzito huo hupungua hadi karibu nusu. Baada ya wiki mbili hubaki gramu 300 hivi, na kizazi huwa kimeshuka ndani ya nyonga kiasi kwamba hakishikiki tena kwa mkono juu ya tumbo. Ikifika wiki ya sita huwa kimerudi kwenye gramu 100 au chini ya hapo.

Kazi hiyo hufanywa na misuli ya kizazi chenyewe. Inapojikaza, mama husikia maumivu ambayo wengi huyaita chango, na huyasikia zaidi mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonyesha huamsha homoni ya oksitosini inayokaza kizazi. Mishipa ya damu iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma hubanwa na misuli hiyo. Damu ya uzazi huwa nyekundu kwa siku tatu au nne za kwanza, kisha hupauka na kuwa ya rangi ya waridi au kahawia, na baadaye huwa uteute mweupe au wa manjano unaoweza kuendelea hadi wiki ya nne au ya sita.

Siku arubaini za mila zetu na wiki sita za madaktari zinakaribiana sana, na si ajabu. Wazee waliuona mwili wa mzazi ukirudi kwa muda huo hata bila mashine. Penye shida ni katika baadhi ya njia za kuuharakisha. Maji ya moto sana yanayokandwa tumboni hayafiki ndani ya kizazi wala hayayeyushi mabonge ya damu. Yanaweza kuunguza ngozi, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji yanaweza kuharibu kidonda.

Utrasaundi huweza kupima urefu na unene wa kizazi na kuonyesha kama kuna kitu ndani yake. Lakini hapa ndipo tahadhari ya kwanza inapoanza. Katika wiki mbili za kwanza, mama mwenye afya njema kabisa anaweza kuonekana na majimaji, mabonge madogo ya damu, hata viputo vya hewa ndani ya kizazi. Mwili wake bado unajisafisha. Picha ya namna hiyo peke yake si ugonjwa.

Damu isiyokoma

Sababu kubwa inayowafanya madaktari waagize utrasaundi baada ya uzazi ni damu. Tutenganishe mambo mawili, maana yanatibiwa kwa namna tofauti.

La kwanza ni damu nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo. Hii ni dharura, na haisubiri picha. Kuvuja damu baada ya kujifungua huua makumi ya maelfu ya akina mama duniani kila mwaka, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuvuja damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60 pale wahudumu walipofuata hatua chache kwa pamoja: kupima damu kwa shuka maalumu lenye alama za ujazo, kukanda kizazi, kutoa dawa za kukaza kizazi, kutoa dawa ya kusaidia damu kuganda, kuweka dripu, kumchunguza mama na kuita msaada mapema. Utrasaundi haimo katika orodha hiyo. Mama anayevuja damu leba akiambiwa asubiri mashine kwanza, anapotezewa muda ambao hana.

La pili ni damu inayorudi au kuongezeka baada ya siku ya kwanza, wakati mwingine mama akiwa ameshafika nyumbani. Chukua mfano wa mama aliye katika siku ya 12. Damu ilikuwa imepauka, sasa imerudi kuwa nyekundu, ina mabonge, tumbo linauma na mwili una joto. Sababu mbili kubwa za hali hii ni kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani na maambukizi ya kizazi. Mara nyingi huja pamoja.

Hapa utrasaundi ina kazi. Kizazi kikionekana kitupu, ukuta wake wa ndani ukiwa mwembamba, uwezekano wa kubaki kipande ni mdogo, na daktari anaweza kuelekeza nguvu kwenye maambukizi. Ukionekana uvimbe unaong'aa ndani ya kizazi, au ukuta wa ndani ukiwa mnene kuliko milimita 10, shaka inaongezeka. Mashine nyingi zina utaratibu uitwao Doppler, unaoonyesha kwa rangi damu inayotembea. Bonge la damu lililolala ndani ya kizazi halina mishipa, kwa hiyo halionyeshi rangi. Kipande cha kondo kilichobaki kimeshika ukutani kinaweza kuwa bado kinapata damu, na rangi hiyo ikaonekana.

Hata hivyo, kipimo hiki hukosea pande zote mbili. Bonge la damu linaweza kufanana na kondo, na kipande cha kondo kilichokufa kinaweza kukosa rangi kabisa. Ndiyo maana daktari mzuri hasomi picha kabla ya kumsoma mama. Huuliza damu imebadilika lini, hupima joto na mapigo ya moyo, hugusa tumbo, na huuliza kama kondo lilitoka zima. Picha huja kujibu swali ambalo mikono na maelezo vimeshaliuliza.

Gharama ya kukosea ni kubwa. Kizazi kilichotoka kuzaa ni laini, na kukikwangua kwa chuma kunaweza kukitoboa. Kukwangua kupita kiasi kunaweza pia kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi, hali iitwayo ugonjwa wa Asherman, kwa jina la daktari Joseph Asherman aliyeieleza mwaka 1948. Mwanamke anaweza kukosa hedhi au kushindwa kushika mimba nyingine. Mama ambaye damu yake inapungua, hana homa, na picha inaonyesha bonge dogo tu, mara nyingi anaweza kusubiri chini ya uangalizi au kupewa dawa. Ikilazimu kusafishwa, kufyonza taratibu ni salama kuliko kukwangua, na baadhi ya madaktari huongozwa na utrasaundi wakati kazi inaendelea ili waone chombo kilipo.

Kovu la upasuaji

Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana makovu mawili. Moja analiona kwenye ngozi. La pili liko kwenye kizazi, na hakuna njia ya kulitazama kwa macho.

Katika siku za mwanzo, utrasaundi husaidia kidonda kinapovimba, kinapouma kuliko kawaida au homa inapopanda. Huonyesha kama kuna damu au usaha uliojikusanya chini ya ngozi au karibu na kibofu, na ni kiasi gani. Hilo humsaidia daktari kuamua kama dawa zitatosha au usaha utolewe.

Baadaye swali hubadilika: je, ukuta wa kizazi umeungana vizuri? Kwa baadhi ya wanawake, mahali pa kovu hubaki kishimo upande wa ndani. Jopo la wataalamu wa Ulaya lilikubaliana mwaka 2019 kwamba kishimo chenye kina cha milimita 2 au zaidi kihesabiwe kuwa kasoro ya kovu. Wengi walionacho hawana shida yoyote. Wengine huona matone ya damu ya kahawia kwa siku kadhaa baada ya hedhi kwisha, kwa sababu damu hutuama ndani ya kishimo. Kipimo cha kovu hakina maana kikifanywa mapema mno. Kwa kawaida husubiriwa angalau miezi mitatu ili kovu litulie.

Jambo moja kila aliyewahi kupasuliwa alikumbuke: akishika mimba nyingine, awahi kupiga utrasaundi katika wiki za mwanzo. Mara chache mimba hujishikiza kwenye kovu lenyewe, na hiyo ni hatari inayopaswa kugunduliwa kabla kovu halijapasuka.

Shida zinazofichwa ndani ya kanga

Kuna matatizo ambayo wanawake hawayasemi hata kwa mama zao. Mkojo unaotoka ukikohoa. Kushindwa kuzuia upepo au haja kubwa. Hisia kwamba kuna kitu kinashuka ukeni. Wengi huambiwa ndiyo uzazi ulivyo, wavumilie. Utafiti wa utrasaundi umeonyesha kwamba mara nyingi kuna jeraha halisi nyuma ya maneno hayo.

Chini ya nyonga kuna msuli mpana uliotandazwa kama kitanda cha kamba, unaobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya msuli huo hulazimika kunyumbuka hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Kwa wanawake wengi hurudi. Kwa baadhi, upande mmoja au zote mbili hunyofoka kutoka kwenye mfupa. Mwaka 2005, Hans Peter Dietz na mwenzake nchini Australia walitumia utrasaundi ya msamba kuwachunguza wanawake kabla na baada ya kuzaa mara ya kwanza, na katika kundi lao dogo zaidi ya theluthi moja ya waliojifungua kwa njia ya kawaida walikuwa na jeraha hilo. Tafiti nyingi zilizofuata zimetoa viwango kati ya asilimia 10 na 30. Hatari huongezeka mtoto anapovutwa kwa koleo.

Jeraha hili halionekani kwa macho, kwa sababu ngozi ya uke inaweza kuwa haijachanika. Ndiyo maana lilipita bila kujulikana kwa muda mrefu. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga hayawezi kuurudisha msuli ulionyofoka kwenye mfupa, lakini huimarisha sehemu iliyobaki na hupunguza kuvuja mkojo. Mwanamke anayejua kwamba ana jeraha hilo anaweza kuanza matibabu mapema, badala ya kusubiri hadi kizazi kishuke akiwa na miaka hamsini.

Habari ya msuli unaobana njia ya haja kubwa ina funzo la aina yake. Mwaka 1993, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa daktari Abdul Sultan na wenzake wa London. Waliwapima wanawake kwa utrasaundi kabla na baada ya kujifungua. Kati ya waliozaa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, asilimia 35 walikutwa na kasoro kwenye msuli huo wiki sita baadaye, ingawa ni wachache sana waliokuwa wametambuliwa kuwa wamechanika. Wengi walidhani ni majeraha yaliyojificha ambayo mashine pekee ingeweza kuyaona.

Mwaka 2006 Sultan na wenzake walirudi na jibu tofauti. Mtu mwenye uzoefu alipowachunguza upya akina mama mara baada ya kujifungua, kabla hawajashonwa, karibu majeraha yote yalionekana bila mashine. Hayakuwa yamejificha, yalikuwa yamepitwa. Hatua iliyokosekana ni ndogo: mwanga wa kutosha, kutazama msamba wote, na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa kabla ya kushona. Msuli ukishonwa siku hiyo hiyo na mtu anayejua kazi, nafasi ya kupona ni nzuri. Kwa hospitali isiyo na utrasaundi ya nyonga, na hizo ndizo nyingi, hili ni jambo linaloweza kuanza kesho asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo lisichanganywe na haya. Mama aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu, kisha mkojo au kinyesi kikaanza kumtoka mfululizo usiku na mchana bila kukohoa wala kucheka, huenda ana fistula. Hilo ni tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo na uke. Kipimo cha kwanza cha fistula ya mkojo si utrasaundi. Daktari hujaza kibofu kwa maji yenye dawa ya rangi ya buluu na kutazama yanapotokea. Fistula inatibika. CCBRT jijini Dar es Salaam, Gynocare mjini Eldoret na Hospitali ya Panzi mjini Bukavu ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana kwa matibabu hayo katika ukanda wetu. Mama wa namna hiyo asifichwe nyumbani.

Tumbo, mkaja na mguu uliovimba

Misuli miwili mirefu inayoshuka katikati ya tumbo hutengana ujauzito unapokua. Utafiti wa Ureno uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima kwa utrasaundi wanawake 84 waliokuwa na mimba ya kwanza. Karibu na wiki ya 35 wote walikuwa na mwachano huo. Miezi sita baada ya kujifungua ulikuwa umebaki kwa takriban asilimia 39. Maana yake ni kwamba mwachano wenyewe ni sehemu ya ujauzito, na kwa wengi hupungua taratibu. Mkaja unaweza kumpa mama nafuu anapoinuka au anapotembea, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba unaunganisha misuli. Ukifungwa, usimbane hadi akashindwa kupumua vizuri. Utrasaundi hupima upana wa mwachano kwa usahihi, ingawa kwa mama wengi vidole vya mtaalamu wa mazoezi ya viungo vinatosha.

Kwa mguu uliovimba hali ni nyingine kabisa. Damu ya mzazi huganda kwa urahisi kuliko ya mwanamke mwingine, na hatari hiyo ni kubwa katika wiki za kwanza baada ya kujifungua. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa wa moto, mara nyingi wa kushoto, mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa utrasaundi ndiyo kipimo cha kwanza, na kanuni yake ni rahisi. Daktari hubonyeza mshipa kwa kifaa cha mashine. Mshipa mzima hubonyea ukawa bapa. Wenye bonge la damu ndani haubonyei. Bonge hilo likiachwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua kwa dakika chache.

Kibofu nacho hukaguliwa kwa urahisi. Mama anaweza kukojoa lakini kibofu kisiishe, hasa baada ya uchungu mrefu, kushonwa au dawa ya ganzi ya mgongoni. Mashine ikionyesha mkojo wa zaidi ya mililita 150 uliobaki baada ya kukojoa, wahudumu huanza kumfuatilia, na wakati mwingine huwekewa mpira wa mkojo kwa muda. Kibofu kilichojaa pia huzuia kizazi kujikaza, na damu huongezeka. Wakunga wanalijua hilo. Ndiyo maana humhimiza mama akojoe mapema.

Kwa nini si kila mama?

Msomaji anaweza kusema: kama kipimo hakina mionzi na hakiumi, kwa nini wasipimwe wote? Sababu ya kwanza tumeshaieleza. Kizazi cha wiki ya kwanza kina vitu vingi visivyo na madhara, na kila kitu kinachoonekana huleta kishawishi cha kukitoa. Ukiwapima akina mama elfu moja wasio na dalili, utawatisha wengi na kuwasafisha baadhi yao bila faida.

Sababu ya pili ni mahali tulipo. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine, na penye mashine anaweza kukosekana mtu aliyefunzwa kusoma kizazi cha mzazi, kwa maana ni tofauti na kusoma mtoto tumboni. Mashine ndogo za kuchomekwa kwenye simu zimeanza kupunguza umbali huo, na wakunga wanaweza kufundishwa kuzitumia kwa maswali machache yaliyo wazi: je, kuna kitu kikubwa ndani ya kizazi, kibofu kimejaa, kuna damu tumboni? Lakini picha isiyo na msomaji mzuri inaweza kupotosha kuliko kutokuwa na picha.

Sababu ya tatu ni kwamba jambo linalokosekana zaidi halihitaji umeme. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unataka mama abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha aonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mama akionwa kwa utaratibu huo na kuulizwa maswali ya kweli, wale wachache wanaohitaji utrasaundi watapatikana kwa wakati. Asipoonwa, mashine inaweza kukaa chumba cha pili na isimsaidie.

La kumwambia mhudumu

Kwa wasikilizaji wetu walio ndani ya arubaini, na kwa waume, mama wakwe, dada na mashangazi wanaowauguza, tunaomba mkumbuke dalili zifuatazo. Yeyote kati ya hizi ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja siku ya kliniki:

- Damu inayolowesha pedi au kitambaa kizima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu.
- Damu iliyokuwa imepauka kurudi kuwa nyekundu na nyingi.
- Homa, kutetemeka, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
- Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, jasho jembamba au kuzimia.
- Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au degedege.
- Maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kushindwa kukojoa, au mkojo au kinyesi kutoka bila kuweza kuzuia.

Ukifika, eleza tarehe uliyojifungua, njia uliyojifungulia, kama kondo lilitolewa kwa mkono, kama mtoto alivutwa kwa chombo, na damu imebadilika tangu lini. Chukua kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa. Maelezo hayo humsaidia daktari kuisoma picha.

Ukiagizwa utrasaundi, una haki ya kuuliza: tunatafuta nini? Na majibu yakitoka: hiki kilichoonekana ni kondo au damu, na ninaweza kusubiri salama? Ukiambiwa unahitaji kusafishwa kizazi na huna homa wala damu nyingi, si utovu wa adabu kuuliza kama dawa au uangalizi vinaweza kujaribiwa kwanza. Lakini ukiwa unavuja damu nyingi, usiombe picha. Omba usaidiwe pale pale.

Na kwa mama ambaye mtoto wake sasa anatembea, au yuko shuleni, lakini bado anavaa kitambaa kwa sababu mkojo unamtoka: muda haujapita. Nenda ukaseme kama tulivyolisema hapa, kwa maneno ya kawaida. Mhudumu wa kwanza akikujibu kwamba ndiyo uzazi, muulize wa pili.